Barua ya wazi kwa Katibu wa Chama wa Mkoa: fedha za chakula cha jioni cha mwaka jana

Ndugu Katibu,

Ninakuandikia nikiwa mwanachama wa tawi moja la hapa Uyole, Mbeya, mwenye kadi niliyoichukua mwaka 1995, ulipofanyika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, na ambaye hajawahi kuhama hata pale tulipobaki wachache wa kuenea kwenye bajaji moja. Nimelitanguliza hilo ili barua hii isisomwe kama ya mtu aliyetumwa.

Mwaka jana nilihudhuria chakula cha jioni cha kuchangia chama. Tiketi ilikuwa shilingi 120,000, fedha ambayo peke yangu nisingeiweza. Wanachama kumi na wawili wa tawi letu, wengi wao wakulima wa viazi na akina mama wanaouza mboga Mwanjelwa, walitoa shilingi 10,000 kila mmoja ili tuwe na mwakilishi ukumbini, na kura ikaniangukia mimi. Chakula sina la kukilaumu. Wali wa Kyela ulinukia tangu mlangoni, na ingawa tulipangiwa meza ya mwisho, iliyo jirani na jiko, kwa baridi ile ya Julai niliwaonea huruma waliokaa mbele.

Kilichonisumbua kilianza kwenye mnada. Uliletwa mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, mshereheshaji akaunadi kwa mbwembwe, ukafika shilingi 800,000, mnunuzi akapigiwa makofi na kupigwa picha na mgeni rasmi. Baadaye kidogo nilikwenda kwenye meza ya wahasibu kukabidhi bahasha ya tawi, iliyokuwa na shilingi 35,000 zaidi ya tiketi. Kijana aliyekuwapo alizihesabu noti mara mbili, akaandika kwenye daftari la shule, akanishukuru kwa adabu. Nilipomwomba stakabadhi akasema vitabu vimesahaulika ofisini. Kwenye ukurasa uleule niliuona mkungu wetu: 800,000, na pembeni neno "ahadi". Neno hilo lilijirudia kushuka chini ya ukurasa mara nyingi kuliko "taslimu", lakini jumla iliyotangazwa usiku ule iliyachanganya yote mawili kana kwamba ni fedha moja.

Nilipotoa taarifa tawini, mama mmoja aliuliza swali moja tu: "Huyo wa ndizi ameshalipa?" Mwaka unakaribia kwisha na sina jibu. Mara mbili nimefika ofisini, na mara zote mbili nimeambiwa taarifa itapitia wilayani.

Ninatambua kwamba chama hakiendeshwi kwa nyimbo, na kwamba ruzuku ya serikali haitoshi kumfikisha katibu kata kila kijiji. Ninatambua pia kwamba Sheria ya Vyama vya Siasa inakitaka kila chama kitunze hesabu sahihi za fedha na mali zake na kuwasilisha kwa Msajili taarifa ya mwaka iliyokaguliwa, na sidai kwamba hilo halifanyiki. Ninachosema ni kwamba taarifa inayopanda juu haijapata kushuka hadi kwa muuza mboga aliyetoa shilingi 10,000. Tena, niseme wazi, mwenye kuahidi mbele ya kamera asifuatiliwe hupata heshima ya bure, na msimu wa kura za maoni ukifika ndiye wa kwanza kutukumbusha alivyokijenga chama.

Kwa hiyo ninaomba kwamba katika hafla ya mwaka huu taslimu itangazwe peke yake na ahadi peke yake, kila anayetoa apewe stakabadhi palepale, na ndani ya miezi mitatu kila tawi lipelekewe barua inayoonyesha nani alilipa alichoahidi na fedha zilifanya kazi gani. Ya mwaka jana nayo tuletewe, hata kama imeandikwa kwa mkono.

Mwaliko wa mwaka huu umeshatufikia. Majina kumi na mawili yameshaandikwa juu ya bahasha, na fedha zimo ndani. Ninayo mimi, na nitaileta siku nitakayoambiwa kwamba kitabu cha stakabadhi kipo mezani.

Wako katika chama,
Mwanachama wa tawi, Uyole, Mbeya