Joho Si Nguo ya Bafuni: Malalamiko Kuhusu Usiku wa Mavazi Rasmi Melini

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Huduma kwa Abiria.

Bwana/Bibi,

KUH: KUZUIWA MLANGONI MWA UKUMBI WA CHAKULA CHA JIONI KWA SABABU YA KANZU NA JOHO

Pokea salamu zangu. Nawaandikia kwa mara ya pili, kwa kuwa jibu mlilotoa kwa barua yangu ya kwanza, lenye mistari minne na vocha ya pauni 50 ya kutumia katika safari ijayo, halikugusa hata neno moja la yale niliyowaeleza. Vocha hiyo siitaki. Hakuna safari ijayo baina yangu nanyi mpaka jambo hili limalizwe.

Kanuni zenu za mavazi mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazinakili hapa. Nitawakumbusha sentensi moja tu, ile isemayo kwamba usiku wa mavazi rasmi mwanamume avae suti nyeusi ya jioni na tai ya kipepeo, au suti ya rangi iliyokoza na tai, au vazi rasmi la taifa lake. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu kabla ya kufunga sanduku. Binti yangu, aliyetulipia safari mimi na mama yake kwa kutimiza miaka 40 ya ndoa, aliwapigia simu kutoka Leicester, Uingereza, akauliza waziwazi kama kanzu inakubalika, na akajibiwa kwamba inakubalika bila shaka. Ndiyo maana sikubeba suti, ingawa nyumbani ninazo mbili.

Basi jioni ya Jumapili, siku ya kwanza baharini baada ya kuondoka Southampton kuelekea Norwei, saa mbili na nusu, tulifika mlangoni mwa ukumbi. Nilivaa kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, joho jeusi lililotiwa uzi wa dhahabu pindoni, kofia ya vito na viatu vyeusi vya ngozi. Mbele yetu alikuwapo bwana mmoja aliyevaa vazi la Kiskoti, ile sketi ya miraba na soksi ndefu za kufika magotini, na msimamizi wa mlango alimwinamia kichwa akamkaribisha. Nilifurahi kuona hivyo, nikajua kanuni inafuatwa. Zamu yetu ilipofika, msimamizi yuleyule aliinua mkono kunizuia, akasema kwa sauti iliyosikika na foleni nzima kwamba nguo za kutokea bafuni haziruhusiwi ukumbini, na kwamba nirudi chumbani nikabadilishe.

Nguo za kutokea bafuni. Joho hilo lilikuwa la marehemu baba yangu. Alilivaa siku aliyooa, nami nikalivaa siku niliyomwoa mwanamke aliyekuwa amesimama kando yangu pale mlangoni, na mwanangu wa kiume akalivaa siku yake. Haliguswi ila kwa harusi, kwa Idi na kwa shughuli ambayo mtu anataka kumpa mwenyeji wake heshima kubwa kabisa aliyonayo. Kofia niliyovaa ilishonwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, tundu kwa tundu, kwa muda wa miezi mitano, na mshonaji wake alikuwa akisimama tu pale mwanga wa jioni ulipomkatikia. Mtu akivaa hivyo Mombasa, Lamu au Unguja, wenzake humpisha apite. Uganda, kanzu hiyohiyo iliyotoka pwani ndiyo vazi la wanaume katika sherehe za kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Oman, mtumishi wa serikali huenda ofisini na dishdasha, yaani kanzu ya kwao, na kilemba, tena ndivyo anavyotakiwa. Ninataja Oman makusudi, kwa sababu Ulaya ikiingia baridi meli zenu huhamia Dubai na kutia nanga Muscat. Je, huko nako wenyeji wanaopanda na mavazi yao mnawaambia wametoka kuoga?

Sina ugomvi na kanuni ya mavazi yenyewe, na ningependa mlielewe hilo. Nimefanya kazi bandarini Kilindini miaka 28, nimeona meli za watalii zikija na kuondoka, na siku zote niliona ni jambo jema kwamba katika dunia ambayo watu wanakula wamesimama, bado kuna mahali ambapo watu hukoga, huvaa vizuri na kukaa mezani pamoja kwa saa mbili. Abiria wenu wanaposhuka Mombasa na kuingia vichochoro vya Mji wa Kale wakiwa na kaptura na mabega wazi, sisi tunawapa viti na kahawa, na sijamsikia hata mzee mmoja akiwapigia kelele wakavae. Kwa hiyo mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye mngelazimika kumfundisha maana ya kuvaa kwa heshima ya chakula.

Siku za Norwei zilipita bila ladha. Tulipoingia Geiranger asubuhi, watu wote wakiwa juu sitahani wakitazama maporomoko ya Dada Saba, mke wangu alibaki chumbani akisema kichwa kinamuuma. Hakikuwa kichwa. Chakula cha jioni tulikula kwenye ukumbi wa kujihudumia, siku zote zilizobaki, tukiwa na trei mikononi, isipokuwa usiku wa pili wa mavazi rasmi, ule wa Ijumaa tukirudi Southampton, ambapo hatukutoka chumbani kabisa. Mhudumu wa chumba chetu, ambaye simlaumu kwa lolote, ndiye pekee katika meli nzima aliyeshika joho lile kwa mikono miwili na kulitundika inavyostahili.

Namtaja yeye kwa sababu nataka mjue jinsi lilivyoshikwa mlangoni, jambo ambalo katika barua ya kwanza nililiandika kwa ufupi kwa kuona haya. Msimamizi wenu hakuishia kuinua mkono. Baada ya kusema maneno yale ya bafuni, alinisogelea, akashika pindo la joho la baba yangu kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, akaliinua kidogo kama mtu anayeonyesha kitambaa kilichomwagikiwa mchuzi, akamgeukia mwenzake wa kwenye orodha ya majina na kumuuliza, “Hii nayo tuiite nini?” Nyuma yetu mtu alicheka. Nilimjibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba hili ni vazi rasmi la kwetu na kwamba kitabu chenu cha safari kinaliruhusu. Akasema yeye kitabu anakijua. Nikamwonyesha kwa macho yule bwana wa sketi ya miraba, ambaye alikuwa bado hajafika mezani kwake, nikauliza tofauti ni ipi. Akasema lile ni vazi rasmi. Kisha akatusogeza pembeni, karibu na vyungu vya maua, ili wengine wapite, akanieleza kwamba naweza kukodi suti kwa pauni 55 au niende ukumbi wa kujihudumia ambako “hakuna atakayejali.” Wote waliokuwa nyuma yetu walipita mbele ya macho yetu, wawili wawili. Mke wangu alinishika mkono akasema, “Twende zetu, baba watoto,” kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tulipomzika mama yake.

Mtu wa umri wangu kusogezwa kando ya maua mbele ya mkewe, katika jioni ya kuadhimisha ndoa yake, nanyi katika jibu lenu mkaliita jambo hilo “matarajio ambayo hayakufikiwa.” Sikuwa na matarajio yoyote zaidi ya kanuni yenu wenyewe.

Katika barua ya kwanza niliomba mambo mawili: barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na mkuu wa meli, na kurudishiwa sehemu ya nauli inayolingana na chakula ambacho hatukukila. Niliwapa siku 30. Leo ombi hilo halitoshi tena. Nataka barua ya radhi iandikwe kwa mke wangu kwa jina lake, mbali na yangu. Nataka nauli yote ya watu wawili irudishwe kwa binti yangu, maana fedha ilikuwa yake na zawadi yake ndiyo mliyoiharibu. Nataka pia maagizo ya maandishi yapelekwe kwa wasimamizi wa kumbi za chakula katika meli zenu zote, yakitaja kanzu, joho, dishdasha na mavazi mengine ya heshima ya watu wa kwetu kwa majina yake, na nakala ya maagizo hayo niipate mimi. Nawapa siku 14 tangu barua hii iwafikie.

Siku hizo zikipita, faili nitampa wakili. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayomkataza mtoa huduma kumbagua mteja kwa asili yake au dini yake, na wakili ndiye atakayeniambia inafika umbali gani baharini. Wastaafu wenzangu wa bandari, watu 22 ambao walikuwa wameanza kuchanga fedha za safari kama hii kwa mwaka ujao, nimeshawaomba wasimamishe mchango, na jibu lenu nitawasomea lote, liwe zuri au baya. Magazeti nayo yako Mombasa kama yalivyo London.

Mwisho, tafadhali tazameni picha niliyoambatanisha. Ilipigwa na mpiga picha wenu, kwenye ngazi kuu ya meli yenu, saa mbili na dakika ishirini usiku uleule, yaani dakika kumi kabla ya kufika mlangoni. Yeye ndiye aliyetuita tusimame, akanirekebishia joho begani, akatusifu kwamba tumependeza kuliko wote aliowapiga jioni hiyo. Picha hiyo ilitundikwa kesho yake kwenye ukuta wa picha za usiku wa mavazi rasmi, mbele ya abiria wote, ikiuzwa. Niliinunua kwa pauni 22, na risiti yenu imebandikwa nyuma yake.

Wenu,

Abiria wa chumba cha sitaha ya nane, mzee wa kanzu na joho.