Kwa nini hatuuzi dawa ya kurefusha uume

Swali huja kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mteja kusubiri wenzake waondoke kwenye kaunta ya duka letu la dawa: "Daktari, mna dawa ya kurefusha?" Wengine huongeza kwamba zamani haukuwa hivi, kwamba siku hizi umesinyaa. Jibu letu la kwanza huwaudhi baadhi yao. Dawa hiyo hatuna wala hatutaiagiza, kwa sababu hakuna kidonge, krimu wala mafuta yaliyothibitishwa kurefusha uume wa mtu mzima. Lakini hatumwachi aondoke hivyo hivyo. Mwanaume anayesema uume wake umebadilika mara nyingi anasema kweli, ila kilichobadilika huwa si urefu.

Kwanza kipimo, maana wengi hawajawahi kujipima sawasawa. Rula huwekwa upande wa juu wa uume na kugandamizwa mpaka iguse mfupa wa kinena, kisha unasoma hadi ncha ya kichwa. Mwaka 2015 David Veale na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya vipimo vya wanaume 15,521, vyote vikiwa vimechukuliwa na wataalamu wa afya, si vya mtu kujitajia mwenyewe. Wastani ulikuwa sentimita 9.16 uume ukiwa umelala na 13.12 ukiwa umesimama, mzingo wake ukiwa sentimita 11.66. Kitabibu, uume huhesabiwa mdogo kupita kiasi pale tu unapokuwa chini ya takribani sentimita 7.5 hata ukivutwa, na hao ni wachache mno. Neno "kibamia" limewaumiza wanaume wengi ambao hawana kasoro yoyote.

Usijipime ukiwa na baridi au hofu. Misuli ya eneo hilo hujivuta na uume hurudi ndani kwa muda, kisha hutoka tena. Hilo ni kawaida kwa kila mwanaume.

Sababu ya kwanza tunayoikuta ni kitambi. Shina la uume limeshikwa kwenye mfupa wa kinena na halisogei. Mafuta yakijaa juu ya mfupa huo hulifukia shina, na mwenye uume akitazama chini anaona kipande tu. Hapo ndipo rula iliyogandamizwa hadi mfupani inaposaidia, kwani mara nyingi urefu upo palepale, umefunikwa. Tiba yake ni kupunguza uzito, na tunajua si jibu ambalo mtu alilifuata dukani.

Sababu ya pili ndiyo inayotufanya tuwang'ang'anie wateja wakae kidogo. Uume husimama kwa damu. Mishipa hutanuka kwa msaada wa kemikali iitwayo nitriki oksidi, damu ikajaa ndani na kufungiwa humo. Isipojaa vizuri, uume hulegea, ukaonekana mfupi na mwembamba, na mwenyewe anasema umepungua. Sasa, mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa takribani milimita 1 hadi 2, ilhali ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuziba mishipa ya mwili, ile myembamba huonyesha shida mapema. Kwa wanaume wengi, ulegevu wa uume hutangulia dalili za moyo kwa miaka 2 hadi 5. Ndiyo maana mtu anatuuliza habari za urefu, nasi tunatoa mashine ya presha na kumpima sukari. Tunamuuliza pia kama anavuta sigara, maana moshi wake huharibu mishipa hiyo hiyo.

Kuna swali jingine tunalolipenda: je, asubuhi unaamka ukiwa umesimama? Kama bado inatokea, chanzo mara nyingi ni mawazo, uchovu au hofu ya kushindwa. Kama ilififia pole pole mpaka ikapotea, tunashuku zaidi mishipa, sukari au homoni. Baadhi ya dawa za presha nazo huchangia. Lakini ndugu, usiziache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, zipo za kubadilisha.

Na punyeto? Haifanyi uume usinyae. Tunalisema wazi kwa sababu kuna matangazo yanayoishi kwa hofu hiyo.

Kupungua kwa kweli kupo. Kovu gumu likijijenga kwenye utando unaozunguka sehemu za uume zinazojaa damu, uume hupinda unaposimama, huuma na unaweza kufupika. Ugonjwa huo una jina la François de la Peyronie, daktari mpasuaji Mfaransa aliyeueleza mwaka 1743, na hutibiwa na daktari wa njia ya mkojo, hasa ukiwahiwa. Upasuaji wa kuondoa tezi dume kwa sababu ya saratani nao unaweza kupunguza urefu kidogo. Wanaojidunga testosteroni, homoni ya kiume, kwa ajili ya misuli huona korodani zikinywea, na uzalishaji wa mbegu hushuka.

Kinachotutia hofu zaidi ni vidonge vya "mitishamba" visivyo na anwani. Wakaguzi wa dawa wamekuta mara nyingi ndani yake kuna sildenafili iliyofichwa, dawa halali ya kusaidia uume kusimama lakini yenye masharti. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akiimeza bila kujua, presha inaweza kushuka ghafla hadi kumuua. Sindano za silikoni au mafuta ya kunenepesha uume tumeona zikiacha uvimbe na vidonda vinavyoishia kwenye kisu.

Yapo mambo ambayo usiyalete kwetu, nenda hospitali moja kwa moja: uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala, mlio wa kuvunjika ukifuatiwa na uvimbe wakati wa tendo, au govi lililorudi nyuma likakwama. Kivimbe kigumu kwenye korodani kionwe na daktari ndani ya siku chache hata kama hakiumi. Saratani ya korodani huwapata zaidi vijana.

Kwa mengine yote, karibu. Pale kaunta si lazima utaje shida yako. Omba tu kuonana na mfamasia faraghani, tuna chumba kidogo cha pembeni chenye mlango unaofungwa. Tutapima presha, sukari na mzingo wa kiuno, na ikihitajika tutakuandikia barua ya kwenda kwa daktari. Njoo na pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na ile uliyonunua kwa siri. Hatutakugombeza.