Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas: tubishe hodi wapi?

Mheshimiwa Ken Paxton,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, raia wa Marekani kwa kiapo, mkazi wa Dallas. Novemba 5, 2024 nilipiga kura ya ndiyo kwa Hoja R. Sivuti bangi, jirani akiwasha msokoto wake jioni, mimi ndiye wa kwanza kufunga dirisha. Hata hivyo nilipanga foleni, na takriban asilimia 67 ya wapiga kura tukasema polisi wa jiji wasimkamate mtu kwa bangi isiyozidi wakia 4. Mwezi haujaisha, ukatupeleka mahakamani.

Hoja yako naijua. Sheria ya Texas inaikataza miji kuwa na sera ya kutotekeleza kikamilifu sheria za dawa za kulevya, na Aprili 2025 mahakama ya rufaa ilikubaliana nawe dhidi ya miji ya Austin na San Marcos, iliyopiga kura kama yetu. Austin walikuwa wamepitisha hoja yao kwa asilimia 85! Haya, tuseme sheria iko upande wako.

Basi mwananchi abishe hodi wapi? Katiba ya Texas haimruhusu kukusanya sahihi ili swali lake lipigiwe kura jimbo zima. Kenya, sahihi milioni moja zinaweza kuanzisha safari ya kubadili katiba. Safari ngumu, waulize wale wa BBI, mpango wa kubadili katiba uliokwama mahakamani, lakini mlango upo. Hapa tunaambiwa twende kwa wabunge, na watu wamekwenda. Mwaka 2019, na tena 2023, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kulegeza adhabu. Yote miwili ikafia Seneti. Ndipo watu wakarudi mijini, ambako sahihi 20,000 zinatosha kulifikisha swali kwenye kura ya Dallas.

Kwetu wahamiaji jambo hili si la starehe. Kwa bangi isiyofika wakia 2, Texas inaweza kumfunga mtu siku 180 na kumtoza dola 2,000. Mzaliwa wa hapa hulipa, akarudi kazini. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ana mzani mwingine: sheria ya uhamiaji inamwepusha na kufukuzwa nchini kwa kosa moja tu la kumiliki bangi ya kutumia mwenyewe, isiyozidi gramu 30. Wakia 2 ni kama gramu 56. Kwa hiyo vijana wawili, raia na mwenye green card, wakikamatwa kila mmoja na kifuko cha gramu 40, jaji akawahukumu sawasawa, raia atakwenda nyumbani kwa mama yake na mwenzake anaweza kupandishwa ndege. Na hata aliye chini ya gramu 30, akienda kumzika baba yake Mombasa, anaweza kukwama uwanja wa ndege akirudi.

Sikuombi uipende bangi. Novemba 2025 Texas ilitupa maswali 17 ya marekebisho ya katiba. Tuliulizwa hata habari ya kodi ya chakula cha mifugo kilichoko dukani. La bangi halikuwemo. Sauti yako Austin, liliko bunge la jimbo, inasikika kuliko yangu, kwa hiyo waambie wabunge walilete swali hili mbele ya jimbo zima. Tukishindwa huko, nitakaa kimya na dirisha langu.

Wako,
Mpiga kura wa Dallas