Cameo haikuanza kama sinema

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee na hawa watu wanaolilia Cameo, ile sinema ya Kenyatta Avenue hapa Nairobi, kila mara stori za sinema za zamani zikizuka. Wanakumbuka foleni, wanakumbuka popukoni, wanakumbuka kusimama wimbo wa taifa ukipigwa kabla picha ianze, na sawa, hata mimi nakumbuka. Lakini venye wanaongea utadhani hiyo nyumba ilijengwa juu ya filamu. Ilijengwa 1912 ikaitwa Theatre Royal, jumba la maigizo la wazungu, wakati barabara yenyewe bado inaitwa Sixth Avenue, halafu ikawa Delamere Avenue, ndio uhuru ukaja ikawa Kenyatta. Cameo ni jina la baadaye, picha zilipochukua nafasi ya maigizo.

Na jukwaa lenyewe halikuwa la maigizo pekee. Septemba 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea na Wajerumani wameshika Taveta, masetla walijazana humo ndani na Ewart Grogan, kiongozi wa masetla, akasimama mbele yao akadai kila mzungu alazimishwe kuingia vitani na serikali iache kuzubaa, na haikupita muda Gavana Belfield akaunda baraza la vita. Sasa sikia hii: mwaka huohuo ndio zilipita sheria za kulazimisha Waafrika wabebe mizigo ya jeshi na za kusajili wanaume, hiyo ya usajili ikangoja mpaka vita viishe ndio babu zetu wakavishwa kipande, kile cheti cha usajili, shingoni kama kengele ya mbuzi. Hao wabebaji ndio Carrier Corps, jina lililogeuka likawa hii Kariokor watu wanaenda kula nyama kila wikendi. Wengi hawakurudi, na magonjwa na njaa ziliua wengi kuliko risasi. Sanamu yao iko Kenyatta Avenue hiyohiyo, mbebaji amesimama na askari, na maneno ya Kiswahili yameandikwa hapo chini, sijui kama kuna mtu husoma akikimbilia matatu.

Kwa hivyo mtu akiniambia Cameo ni mambo ya kung fu na deti za Jumamosi namwambia sawa, lakini hiyo ni nusu ya stori tena ile nusu tamu.

Sisemi turudishe sinema. Video zilikuja, sidi za bei ya chini zikafuata, saa hii kila mtu ana simu, nani atalipa kodi ya town kwa ukumbi mmoja? Odeon angalau imebaki jina la steji na Globe imebaki jina la raundabauti, watoto wanataja kila siku bila kujua kulikuwa na picha hapo.

Ninachoomba ni kidogo na wenye jengo pamoja na watu wa makumbusho wanaweza kukubaliana hata kwa simu. Tuna sheria ya urithi ya 2006, sasa kuna shida gani kuweka kibao ukutani, kwa Kiswahili, herufi kubwa mtu asome akipita: Theatre Royal 1912, mkutano wa 1915 na nini kilifuata, halafu Cameo. Na hiyo sehemu ya 1915 msiifiche chini kabisa na herufi ndogo.

Msomaji wenu,
Nairobi