Barua kwa Athumani: kitako cha mbao na kitako cha plastiki

Eau Claire, Wisconsin
Novemba 2025

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Natumai shemeji na watoto hawajambo, na kwamba ile milango ya Ngamiani umeshaikabidhi na ukalipwa chako chote. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imeshaingia na karakana imejaa, maana msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa mwezi huu, na kila mtu amekumbuka bunduki yake leo.

Uliniuliza kama zile bunduki nyeusi za wenzo nilizokutumia picha ni maendeleo kweli, au ni kampuni tu zinakwepa gharama ya mbao. Nimelifikiria sana swali lako. Vitako vya mbao, ile sehemu ya bunduki inayoegemea begani, ndivyo vinavyonilisha hapa, kwa hiyo nataka nikujibu kwa haki na si kwa kutetea ugali wangu.

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo ukishapiga unausukuma kwa vidole ule mkono wa chuma unaozunguka kifyatulio. Ganda tupu linaruka, unaurudisha, risasi nyingine imeshaingia. Kwa Wamarekani ndiyo bunduki ya nyumbani hasa. Winchester Model 1894 peke yake imetengenezwa zaidi ya milioni 7, na aliyeibuni ni John Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah. Hata kwetu zimefika. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Winchester ya wenzo, Model 1895, nayo ni ya Browning huyo huyo. Vitako vyao ni vya mti wa jozi, mbao ya kahawia iliyokolea, nzito kiasi, inayokubali patasi bila kuchanika ovyo. Ungeipenda.

Hizi nyeusi sasa. Kampuni ya Henry, ambao wana kiwanda Rice Lake, si mbali na hapa, walitoa zao mwaka 2020. Kampuni ya Marlin ilinunuliwa na wenzao wa Ruger mwaka huo huo, nayo ina zake zinazoitwa Dark, kitako cha nailoni na sehemu ya mbele ya alumini yenye matundu ya kufungia tochi. Smith & Wesson wakafuata mwaka 2024 na Model 1854, ya chuma kisichoshika kutu na plastiki nyeusi, wakaipa jina la mwaka ambao Horace Smith na Daniel Wesson walipata hataza ya bastola yao ya wenzo. Nyingi katika hizi mdomo wa mtutu umechongwa hesi ili ufungiwe kipunguza sauti, na juu kuna reli ya darubini.

Vijana wanaona ni jambo jipya, lakini kampuni ya Remington walishalijaribu zamani. Mwaka 1959 walitoa bunduki ndogo ya .22 iliyoitwa Nylon 66, kitako chake nailoni ya DuPont, ikauzwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 1962 wakatoa ndugu yake ya wenzo, Nylon 76. Hiyo haikufika mbali, 1964 ikasimamishwa. Nadhani mnunuzi wa wenzo wakati ule alikuwa anataka mbao, basi.

Hoja ninayoisikia kila siku kaunta ni kwamba plastiki inapiga sawasawa zaidi kwa sababu mbao inavimba ikinyeshewa. Wewe seremala unajua mbao inavimba kwa upana wake, si kwa urefu. Kwa bunduki za boliti, zile unazovuta komeo kwa mkono kuingiza risasi, hoja hiyo ina maana, kwa sababu zile zina ubao mmoja mrefu na chuma chote kimelazwa ndani yake. Ubao ukijipinda kidogo unausukuma mtutu, na risasi inahama. Bunduki ya wenzo haikuundwa hivyo. Mbao yake ni vipande viwili, na katikati kuna sanduku la chuma. Kitako cha nyuma kimeshikwa na ulimi wa chuma na skrubu, wala hakiugusi mtutu hata kidogo. Kipande cha mbele ndicho kinaweza kuleta matatizo kikivimba na kuubana mtutu, lakini mtu anayewinda kwa risasi ya .30-30 msituni anapiga kulungu aliye mita hamsini, mita themanini. Kwa umbali huo hataiona tofauti. Kwa hiyo wanaosema wamenunua nyeusi kwa ajili ya shabaha, mimi nawaambia wameinunua kwa sababu nyingine, na sababu nyingine zipo, nitazitaja.

Ngoja kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe wa mbao, maana ndio kazi yangu. Kila risasi ikitoka, sanduku la chuma linarudi nyuma na ule ulimi unaigonga mbao mahali pamoja. Mwenye bunduki naye kwa miaka anaitia mafuta na kuisimamisha kwa kitako, mafuta yanateremka polepole mpaka kwenye mbao nyuma ya chuma, inakuwa nyeusi na laini. Hapo ulimi unageuka kabari. Unaona ufa mwembamba unaanzia nyuma ya ulimi na kufuata nyuzi za mbao kuelekea shingoni.

Ikiletwa mapema inapona. Naifungua, naloweka sehemu ile kwa asetoni na kuikausha, narudia mpaka mafuta yaishe kutoka. Kisha naupanua ufa kwa wembe, naingiza gundi ya epoksi, napitisha kijiti cha shaba kwa ndani kukatisha nyuzi, nafunga kwa utepe wa mpira usiku kucha. Asubuhi inakuja sehemu ambayo wengi wanaisahau: natoa mbao nyuma ya ulimi, unene wa karatasi tu, ili chuma kisiiguse tena mahali pale na mshindo uende kwenye mabega mapana ya mbao pande mbili. Mafuta ya kitani, msasa laini, mafuta tena. Bunduki inarudi kwa mwenyewe na alama ya meno ya mbwa wa babu yake bado ipo ubavuni. Alama hizo siziondoi mpaka niambiwe. Nikiambiwa, kitambaa kibichi na pasi ya moto tu, mbao inanyanyuka yenyewe.

Kitako cha plastiki kikipasuka shingoni nakitupa na kuagiza kingine. Wala si mara nyingi, nikiri haki yao, nailoni nzuri ni ngumu kweli. Lakini siku kampuni ikiacha kuvitengeneza, mwenye bunduki atafanya nini? Kiwanda cha zamani cha Winchester pale New Haven kilifungwa mwaka 2006, na bado kitako cha 1894 nakuchongea hapa kutoka kwenye ubao mtupu. Hili ndilo linalonifanya niwe upande wa mbao, Athumani, kuliko uzuri wake. Bunduki inayokaa katika familia miaka mia inataka kitu ambacho fundi yeyote mwenye patasi anaweza kukirudisha.

Sasa haki ya plastiki. Mvuvi wa Alaska anayeiacha bunduki kwenye boti, inalowa maji ya chumvi asubuhi hadi jioni, huyo simuuzii mbao. Wala mtu anayetumia darubini: vitako vya zamani vilichongwa vishuke kwa ajili ya kulenga kwa macho, shavu linabaki hewani ukiweka darubini, na vipya vingi vimeinuliwa. Na kipunguza sauti kinalinda masikio, hilo silibishi. Kinachonikera ni ule mlio. Vitako vya bei nafuu ni vitupu ndani, tawi likigusa unasikia kama umegonga ndoo.

Halafu plastiki iliyozibadilisha bunduki hizi kweli wala si ya kitako. Risasi za bunduki nyingi za wenzo zinapangwa ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, kwa hiyo miaka yote ilibidi ziwe butu, maana ncha kali ingeweza kuiwasha ya mbele yake. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady wakatoa risasi yenye ncha kali lakini laini kama mpira. Kipande kile kidogo chekundu kimeongeza masafa ya bunduki ya babu bila kuigusa mbao yake.

Ukiniuliza ya katikati, ipo. Marlin ya kwanza chini ya Ruger, 1895 SBL ya mwisho wa 2021, ina kitako cha mbao nyembamba nyembamba zilizogandishwa pamoja, za kijivu. Ni kizito, lakini hakivimbi kirahisi na unaweza kukichonga na kukiziba. Kwa mtu wa mvua anayeniamini, hicho ndicho ninachomwambia anunue.

Nina swali langu kwako. Nina ubao wa jozi umeharibika na nimeanza kuifikiria mninga, kwa sababu haina tabia ya kujipinda ikishakauka. Wasiwasi wangu ni shingo: mshindo wa risasi nzito ya .45-70 si mchezo, na sijui nyuzi zake zikikatwa kwa mkunjo zitashika vipi. Wewe umechonga miguu ya viti iliyopinda kwa mninga miaka mingi. Inavunjika wapi kwanza? Niandikie hilo kwa urefu, na uniambie pia unaikausha muda gani kabla ya kuitia randa.

Wasalimie wote wa Chumbageni, na mzee Bakari umwambie simu yake nitaituma na mtu anayekuja Desemba.

Wako,
Hamisi