Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: majivu yapimwe kabla ya kufyatuliwa matofali

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni fundi mwashi wa Nkuhungu. Nakuandikia kwa sababu baadhi ya vijana ninaowafahamu wanajiandaa kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri ili wafyatue matofali ya majivu, na nachelea wazo hilo jema lisije likaharibika mapema.

Wema wake siubishi. Tanuru la matofali ya kuchoma hula kuni, na sisi wa nchi hii kavu tunajua kuni hizo zinatoka wapi. Tofali la majivu halichomwi. Hukomaa kwa kumwagiliwa maji, kwa kuwa silika, yaani madini yaliyomo pia kwenye mchanga, iliyo ndani ya majivu huungana na chokaa au saruji na kushikana. India ilianza mwaka 1999 kuwalazimu wafyatuaji walio ndani ya kilomita 50 kutoka mitambo ya umeme wa makaa ya mawe kuyatumia majivu ya mitambo hiyo, na baadaye masafa hayo yakaongezwa hadi kilomita 300.

Lakini majivu ya India si majivu yetu. Umeme wetu mwingi hutoka kwenye maji na gesi, na hata kiwanda cha saruji kinachochoma makaa ya mawe hakina majivu mengi ya kugawa, kwani huishia ndani ya klinka yenyewe, yaani yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji. Yanayoweza kutufikia ni ya boila na majiko ya viwanda: maganda ya alizeti hapa kwetu na Singida, pumba za mpunga na mabaki ya miwa kutoka Morogoro. Hayo hayafanani hata kidogo. Pumba za mpunga zikichomwa kwa moto wa wastani, usiozidi sana nyuzi 700, hutoa majivu yenye silika nyingi iliyo tayari kushikana na chokaa. Moto ukizidi, silika hiyo haishikani tena vizuri na chokaa. Majivu meusi yana kaboni ambayo haikuungua, nayo hunywa maji. Majivu ya alizeti yana potashi nyingi, jambo zuri shambani, ila ukutani huwa chumvi. Mwaka jana nilijenga choo kwa matofali ya namna hiyo, na kabla msimu wa mvua haujaisha ukuta ukaota unga mweupe, plasta ikabanduka. Kosa lilikuwa langu pia, maana niliyapokea bila kuuliza majivu yalitoka wapi.

Ninachoomba ni kwamba, kabla kikundi chochote hakijapewa fedha za kazi hii, majivu yake yapimwe, na matofali yake yaliyotimiza siku 28 yapimwe nguvu ya kuhimili mgandamizo na kiasi cha maji yanayonywa, katika maabara inayotambuliwa, na gharama ibebwe na Halmashauri, kwa sababu kijana asiye na mtaji hawezi kuilipa. Kikundi kikibadilisha kiwanda kinachokipatia majivu, kipimo kirudiwe. Vijana hao wapewe pia barakoa, kwa kuwa vumbi la majivu ni baya kwa mapafu.

Matofali matano yaliyobaki katika choo kile ninayo bado, pamoja na nusu gunia la majivu niliyoyafuata baadaye kwa mfyatuaji. Ukiridhia, nitayaleta yawe ya kwanza kupimwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mwashi, Nkuhungu