Jumamosi ina wenyewe: barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu cha kujitolea

Wanangu, na wajukuu zangu mliomo humo,

Ratiba yenu mpya nimeipata. Mmoja wenu aliisukuma chini ya mlango jana jioni, nami nikatafuta miwani, nikaisoma mara mbili. Saa 12 asubuhi kukusanyika. Saa 12 na nusu mitaro. Saa 4 kupaka rangi ukuta wa shule. Saa 7 kutembelea wagonjwa. Saa 9 mafunzo. Saa 11 jioni kikao cha tathmini. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: asiyefika, faini.

Mimi si mtu wa kuwavunja watu moyo. Hilo toroli mnalolisukuma lilikuwa langu. Lakini wapo miongoni mwenu waliokuja kwangu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kuniomba niseme neno, kwa sababu wao wakisema wataonekana wavivu. Basi nalisema mimi, ambaye umri umeshanipa ruhusa ya kuonekana mvivu.

Mmeichukua Jumamosi yote, na Jumamosi ina wenyewe. Yupo mtoto ambaye siku tano za wiki anauona mgongo wako tu ukitoka nyumbani. Yupo mama yako, anayekusubiri mkae hata bila maneno. Yupo rafiki mliyeahidiana kuonana tangu mwaka juzi. Na wewe mwenyewe umo, ingawa ukiambiwa hivyo unacheka.

Halafu hiyo faini. Neno lenyewe ni kujitolea: mtu anajitoa, hatolewi. Ukimtoza asiyefika, umemfanya kibarua, tena kibarua anayelipa badala ya kulipwa. Ifuteni. Sitaki hata kulijadili hilo.

Nawaambia haya si kwa kuwa nina hekima, ni kwa kuwa nilikosea kabla yenu. Enzi zangu nilikuwa mwenyekiti, mweka hazina na mpiga kengele kwa mpigo. Jumamosi moja kaka yangu mkubwa alikuja kunitembelea, kasafiri usiku kucha. Nikamwambia, "Kaka, nipe saa moja tu, kuna mtaro umeziba." Mtaro ukazaa mtaro. Kutoka mtaroni nikaitwa kuangalia paa linalovuja, kutoka kwenye paa nikaitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa ua. Niliporudi giza limeshaingia, tope hadi magotini, najiona shujaa. Kaka keshaondoka kuwahi gari.

Barazani palikuwa na kigoda changu, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa ukicheza zaidi ya mwaka, na kila siku nasema kesho nitakirekebisha. Alikuwa amechonga kabari ndogo ya mti, akaigongomea kwenye kiungo. Maranda aliyafagia akayaacha pembeni, kirundo kidogo cha kutosha kiganja. Hakuacha ujumbe wowote. Watu husema kinyozi hajinyoi, na husema kwa utani. Siku ile sikucheka. Kigoda hicho ndicho nilichokikalia nikiwaandikia, na hakijacheza tena.

Na siku hii mnayoijaza hivi haikuokotwa njiani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 14, uliotaka wafanyakazi wa viwandani wapate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Liangalieni hilo neno mfululizo. Waliouandika walijua kwamba pumziko la vipandevipande si pumziko. Siku ya pili ya mapumziko ilikuja polepole zaidi. Kiwanda cha magari cha Ford kule Marekani kilipoanza kufanya kazi siku tano kwa wiki mwaka 1926, ilikuwa habari ya kusimuliwa. Na hadi leo wapo wengi, pengine hata humo kikundini, ambao kazi haiwaachi siku zote saba. Kwa hao nusu ya Jumamosi ndiyo mali yote waliyo nayo, nanyi mmekaa na wino mwekundu.

Mtaniuliza saa mbili zinatosha nini. Zinatosha, kazi ikichaguliwa.

Mchukueni mbu. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa, panapokuwa na joto, ni kama siku 7 hadi 10. Maana yake nyumba inayomwaga maji yaliyotuama mara moja kila wiki humwahi mbu kabla hajaruka. Kalenda yenyewe imeshatufanyia hesabu. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi, na hapo ndipo mnapoteleza: mnapindua ndoo, mnapiga picha, mnaondoka. Mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Ndoo mliyoipindua bado ina wapangaji. Isugueni ndani kwa brashi ngumu, hasa pale maji yalipoishia.

Nilimwonyesha mjukuu wangu wa kike mstari huo wiki iliyopita, tumechuchumaa wawili kando ya pipa. Akasogeza uso karibu mpaka pua ikataka kugusa plastiki, akasema, "Babu, mbona ni kama vumbi jeusi?" Nikamwambia hilo vumbi lina miguu sita na linakusubiri utoke kucheza. Akaninyang'anya brashi. Tulisugua mapipa mawili na kisahani cha chungu cha maua, kama dakika 20 hivi, na muda wote ananisimulia ugomvi wake na rafiki yake wa darasani, ambao sikuwa nimeusikia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amekaa naye chini akamuuliza. Mbu wa pipa langu hawaulizi ua ni wa nani, kwa hiyo jirani zangu nao wamesaidiwa, ingawa hakuna aliyenihesabu kwenye mahudhurio.

Msidhani nataka mambo madogo tu. Kazi kubwa nayo huingia katika siku moja, ikiandaliwa. Tarehe 3 Mei 2008, nchini Estonia, nchi ya watu kama milioni 1.3, wajitoleaji wapatao 50,000 walikusanya takataka zilizotupwa ovyo nchi nzima, tani zipatazo 10,000, siku hiyo hiyo moja. Mambo hayo ndiyo yaliyokuja kuzaa Siku ya Usafi Duniani, ambayo sasa Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 20 Septemba. Kilichonigusa mimi si wingi wa watu. Ni kwamba miezi kabla ya siku yenyewe, wengine walishazunguka wakitia alama kwenye ramani kila mahali palipotupwa uchafu. Siku ilipofika, mtu alijua anakwenda wapi na anabeba nini. Nyinyi Jumamosi iliyopita mlikusanyika saa 12, mkaanza kuokota saa 2 na nusu. Nilikuwa dirishani. Muda wote huo mlikuwa mkiulizana nani ana ufunguo wa stoo, na koleo la pili limekwenda wapi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kazi moja, vifaa vimeshatafutwa tangu Ijumaa. Anayetaka kuja na mtoto wake aje naye, apewe kazi inayolingana na mikono yake, wala asishikishwe vioo wala sindano. Wakubwa wote glovu. Saa 3 ikigonga, mwachane, hata kama mtaro umebaki hatua kumi. Hautakimbia.

Kuna jambo jingine nitalisema taratibu, maana lina uchungu. Yule mama wa nyumba ya kona, zile ndoo zake. Mlimsafishia ua bila kumuuliza, mkatupa ndoo tano "mbovu". Hazikuwa mbovu. Matundu yale chini alizitoboa mwenyewe kwa msumari uliochomwa moto ili maji yapite, na ndani yake kulikuwa na miche aliyoipanda mapema mwezi ule, akikusudia kuwagawia majirani. Nyinyi mkiwa majirani. Aliwashukuru, kama mtu mzima anavyoshukuru, kisha akafunga mlango. Mimi aliniambia baada ya siku nne, tena baada ya kuzungumza kwanza mambo mengine yote.

Mwendeeni. Waende wawili, si kundi zima, na simu zibaki mifukoni. Ombeni radhi kwanza, kisha muulizeni anataka nini. Huenda atataka ndoo. Huenda atataka mkae naye nusu saa awaeleze habari za miguu yake, nanyi mkae.

Maana kukaa nako ni kazi, ingawa kwenye ratiba yenu sijakuona. Nimeishi mtaani humu muda mrefu, na shida nyingi za watu tulizozishughulikia hatukuzijua kwenye kikao cha tathmini. Tulizijua kupitia watu waliokuwa wamekaa kivulini siku ya mapumziko, hawana ajenda, wanapiga soga za mpira na za watoto, mara mmoja ananyamaza halafu anauliza, "Hivi yule mzee wa ghorofani, kuna aliyemwona wiki hii?" Kila mtu anamwangalia mwenzake. Mmoja anainuka, anakwenda kugonga. Swali la namna hiyo halimjii mtu anayekimbizana na saa 4 kwenda saa 7. Humjia aliyetulia. Mkiumaliza utulivu wa mtaa kwa kuuhudumia, mtabaki na mitaro misafi na hamjui nani anaumwa.

Nasikia pia mnachangishana fulana kwa ajili ya mwaka 2026, ambao Umoja wa Mataifa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wajitoleaji kwa Maendeleo Endelevu. Sina ugomvi na fulana. Rangi mliyochagua ni nzuri. Ila toroli halina upepo tangu mwezi uliopita, na aliyelisukuma mara ya mwisho analalamika kiuno.

Kwa wale walioniomba niseme: nimesema, na sikutaja jina la mtu. Kwa mwenyekiti wetu: usinione nimekuvua nguo hadharani. Nakuona saa 11 alfajiri unapita na tochi kukagua mitaro peke yako, na namwona pia mkeo anavyokufungulia mlango usiku. Wewe ndiye ninayekuandikia zaidi kuliko wengine wote. Njoo siku moja tukae. Kigoda kipo cha pili.

Jumamosi ijayo nitafika saa 1 kamili na brashi mbili. Saa 3 nitaondoka na msinizuie. Mjukuu wangu ananidai mchezo wa drafti, kwa sababu mara ya mwisho alinifunga nikiwa nimegeuza shingo dirishani, nawatazama nyinyi mkitafuta koleo.

Koleo liko nyuma ya tangi langu la maji. Aliyeliacha hapo anajijua.

Mzee wenu,
wa nyumba yenye kigoda barazani